Gitaa la Ubao wa Meko: Kisa cha Brian May na Baba Yake

Kila anayelisimulia gitaa la Brian May, mpiga solo wa Queen, bendi ya rock ya Uingereza, huanza na takataka zake: ubao wa meko, meza kuukuu, springi za pikipiki chakavu, sindano ya kufumia ya mama. Orodha hiyo ni ya kweli na inapendeza masikioni. Ubaya wake ni kwamba imekifunika kisa chenyewe. Takataka za aina hiyo zilijaa katika nyumba za Uingereza miaka ile baada ya vita, wala hazikuzaa magitaa. Kilicholizaa hili ni watu wawili waliojua kupima, walioketi na tatizo moja mpaka likakubali ndipo wakagusa la pili, na waliojua pia ni wapi pa kuacha kutengeneza na kwenda dukani.

Kazi ilianza Agosti 1963, Feltham, magharibi mwa London. Brian alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa Hampton Grammar School, kijana wa hesabu na fizikia. Gitaa kavu alikuwa nalo tangu utotoni, na alikuwa amekwisha kulifungia sumaku na koili za kusuka mwenyewe ili litoke kwenye spika ya redio ya nyumbani. Alichotamani sasa ni Fender Stratocaster, gitaa la Marekani lililokuwa sokoni tangu 1954. Bei yake ilipita pauni 100, fedha ambazo nyumba yao haikuwa nazo.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi humpita baba haraka mno. Harold May alikuwa mtu wa elektroniki na michoro ya mitambo, mwajiriwa wa serikali katika mambo ya usafiri wa anga. Redio ya nyumbani aliiunda mwenyewe, televisheni vilevile, na kabla ya gitaa yeye na mwanawe walikuwa wameshatengeneza darubini ya kutazamia nyota. Kwa hiyo chumba cha ziada kilipogeuzwa karakana, hakikuwa chumba cha kubahatisha. Kulikuwa na mtu anayechora kwanza, anayejua chuma kinapindaje na umeme unapita wapi, na ambaye kazini kwake kosa dogo kwenye mchoro si jambo la mzaha. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya mkono: patasi, tupa, misumeno, msasa, kisu cha mfukoni. Umaskini wa vifaa si umaskini wa ujuzi, na anayeiga kisa hiki bila kuiona tofauti hiyo ataishia na ubao wenye nyuzi.

Mbao

Shingo ilitoka kwenye bao la mahogani lililokaa juu ya meko ya kuotea moto, umri wake zaidi ya miaka 100. Wadudu walikuwa wamelibungua, na yale matundu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Jambo la maana katika bao hilo ni ukavu wake. Shingo ya gitaa ni kipande chembamba kinachovutwa upande mmoja mchana na usiku. Nyuzi 6 nyembamba zikishakazwa huvuta kwa jumla ya zaidi ya kilo 30. Ubao wenye unyevu ndani utapinda, na shingo ikipinda hata kidogo nyuzi zinapanda juu, au zinalala kwenye freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, na kukwaruza. Bao lililokaa karne nzima juu ya moto limemaliza kupinda kwake. Hata hivyo hawakuliamini peke yake: ndani ya shingo wakapitisha nondo ya chuma ya kuizuia isikunjike, na shingo yenyewe ikaachwa nene kuliko za viwandani.

Mwili ulitengenezwa kwa vipande. Katikati, panapobeba mvuto wote, waliweka mwaloni wa meza ya zamani. Pembeni wakaweka blokibodi, kisha juu na chini wakabandika vinia, yaani karatasi nyembamba ya mbao, ya mahogani ili lionekane kipande kimoja. Ukingo ulifungwa kwa ule utepe wa plastiki wa kumalizia kingo za rafu. Rangi nyekundu ya mahogani ndiyo iliyolipa jina la Red Special. Ubao wa vidole pia ni mwaloni, uliopakwa rangi nyeusi na kufunikwa vanishi ngumu ya plastiki. Alama zake ni vifungo vya lulumizi kutoka kwenye kisanduku cha kushonea cha mama.

Ndani ya mwili kuna nafasi tupu, na hizo ziliachwa makusudi. Brian alitaka gitaa linaloitikia spika: sauti inatoka kwenye amplifaya, inautikisa mwili, mwili unazitikisa nyuzi, na noti inaendelea kulia bila kidole kufanya zaidi. Kwa mafundi wengi wa wakati ule mlio huo ulikuwa kasoro ya kuondolewa. Yeye aliuhesabu kama sehemu ya chombo tangu kwenye mchoro. Walipanga hata kukata tundu la sauti juu ya mwili kama la fidla, halikukatwa kamwe.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anayefikiria kujaribu asihangaike kutafuta mahogani ya Kiingereza. Mkangazi ni ndugu yake wa karibu, mninga hutulia vizuri, na mpingo, unaopelekwa nje kwa ajili ya klarineti, ni ubao wa vidole wa kifahari kwa atakayemudu kuuchonga. Adui ni yuleyule: mbao za yadi mara nyingi ni mbichi. Mlango wa zamani, kitanda cha bibi au fremu ya dirisha la nyumba inayobomolewa ni salama zaidi kuliko ubao mpya unaong'aa.

Msuguano

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha kisa kizima haionekani kirahisi kwenye picha. Brian alitaka tremolo, yaani ule mkono unaobonyezwa nyuzi zikalegea, sauti ikashuka, kisha unaachwa irudi. Magitaa ya wakati ule yalikuwa nayo, na yalikuwa na ugonjwa mmoja: ukishabonyeza kwa nguvu, nyuzi hazirudi pale zilipokuwa. Gitaa linatoka tuni katikati ya wimbo.

Wachezaji wengi walilaumu springi. Chanzo halisi ni msuguano, na unakaa mahali patatu. Kwanza ni egemeo ambalo bamba la tremolo, lile linaloshikilia nyuzi, linayumbia. Kwenye Stratocaster ya asili bamba hilo hukaa kwenye skurubu 6, na kila moja inasugua. Pili ni daraja, kile kipande cha mwilini ambacho nyuzi hupita juu yake, ambako uzi unaburutwa juu ya chuma kila unapolegea na kukazwa. Tatu ni juu ya shingo, pale uzi unapopita kuelekea kwenye vifunguo vya kukazia. Uzi ukipinda kwa pembe kali hapo, unakwama kidogo kila unaposogea, na kukwama kidogo ndiko kutoka tuni.

Baba na mwana walizishughulikia sehemu zote tatu. Kwa egemeo walichukua chuma kigumu chenye makali, wakakichonga umbo la V, na bamba likaegemea juu yake kwa mstari mwembamba kabisa, kama mizani ya dukani ya zamani. Kwenye makali hakuna eneo la kusugua. Kwa daraja walitengeneza rola ndogo za chuma, moja kwa kila uzi, zilizochongwa kwa mkono. Uzi unaposogea, rola inazunguka badala ya uzi kuburutwa. Kichwani walipunguza pembe mpaka nyuzi zinapita karibu moja kwa moja, na wakaweka freti sifuri, freti ya ziada mwanzoni mwa shingo inayobeba nyuzi, ili kile kipande chenye vijia kibaki na kazi ya kuziongoza tu.

Kisha ndipo zikaja springi, mbili, za valvu za pikipiki aina ya Panther ya 1928. Hizi ndizo hupewa sifa zote katika masimulizi, lakini kazi yake ni nyepesi kueleza: nyuzi zinavuta bamba upande huu, springi zinalisukuma upande wa pili, na bamba linatulia pale nguvu zinapolingana. Hesabu ni ya wenzo. Umbali wa nyuzi kutoka kwenye makali, mara mvuto wake, lazima ulingane na umbali wa springi mara nguvu zake. Ndiyo maana kuchukua springi yoyote ya bodaboda na kuifunga hakutoshi. Yafaa uipime kwanza kwa kuikandamiza juu ya mizani uone inahitaji kilo ngapi kushuka milimita ngapi. Mkono wenyewe wa tremolo ulikuwa chuma cha kushikilia mfuko nyuma ya kiti cha baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia.

Mpangilio huo wote una udhaifu wake, nao ni wa kweli. Rola zimekaa kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Uzi ukikatika jukwaani, rola inaweza kudondoka na kupotelea gizani. Kiwanda kisingekubali kuuza kitu hicho. Aliyetengeneza kwa ajili yake mwenyewe alikubali, kwa sababu alijua anapata nini kwa kulipia usumbufu huo.

Freti

Hapa nitapita haraka, maana ni hesabu tupu, ingawa ndipo magitaa mengi ya nyumbani hufia. Urefu wa nyuzi zinazolia ni inchi 24, sawa na milimita 609.6, mfupi kuliko wa Stratocaster wa inchi 25.5. Kila freti hupatikana kwa kugawa umbali uliobaki mpaka kwenye daraja kwa 17.817. Freti ya kwanza basi inakaa milimita 34.2 kutoka mwanzo, ya 12 inaangukia katikati kabisa, milimita 304.8, na ya 24 milimita 457.2. Freti hizo 24 zilikuwa nyingi kwa wakati huo. Ukikosea freti moja kwa milimita moja, hakuna kukaza wala kulegeza kutakakoponya. Noti hiyo itakuwa mbaya maisha yake yote. Pima zote kutoka sehemu moja ya kuanzia. Kupima kutoka freti hadi freti kunabeba kosa la kila hatua na kulijumlisha.

Pikapu: kurudi nyuma na kununua

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unatikisika, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Brian alizisuka za kwanza mwenyewe, kwa sumaku ndogo za Eclipse zilizouzwa kwenye maduka ya vifaa. Zililia vizuri, mpaka alipouvuta uzi kando kwa kidole, jambo ambalo kila mpiga solo hulifanya. Uzi ulipotoka mahali pake na kukatiza uga uliopangwa vibaya, sauti ilibadilika ikawa ya ajabu.

Angeweza kuanza upya, maana waya ulikuwepo na ujuzi ulikuwepo. Badala yake alikwenda kununua pikapu 3 za Burns Tri-Sonic, za kampuni ya Kiingereza, zenye sumaku bapa ambazo hazina vichwa tofauti vya kusimama chini ya kila uzi. Uzi ukivutwa kando, bado uko juu ya uga uleule. Alichofanya nyumbani ni kuzimwagia gundi ya Araldite ndani, ili nyaya za koili zisitikisike zenyewe na kupiga mluzi mkali gitaa likikaribia spika. Kumbuka gitaa hili lilikusudiwa kusimama karibu na spika. Bila gundi ile, mwitikio aliouwazia ungefunikwa na kelele.

Uamuzi huo mimi nauweka juu ya ule wa ubao wa meko. Kwenye mbao na tremolo, kutengeneza nyumbani kuliwapa kitu ambacho duka halikuwa nacho. Kwenye pikapu kulikuwa tayari na bidhaa nzuri kwa bei wanayoweza. Gharama ya gitaa inayotajwa mara nyingi ni pauni 8, na wanaoitaja hupenda kuikariri. Lakini fundi anayeng'ang'ania kila kitu kitoke mkononi mwake kwa ajili ya hesabu hiyo ameanza kuitumikia hadithi badala ya chombo.

Kilichobaki nyumbani ni waya. Magitaa ya pikapu 3 wakati ule kwa kawaida yalikuwa na swichi moja ya kuchagua ipi ilie. Brian aliweka swichi 6: kila pikapu ina ya kuiwasha na kuizima, na ina nyingine ya kugeuza nyaya zake. Pia aliziunga kwa mfuatano, umeme wa moja ukipita katika nyingine, ili zikiwashwa pamoja sauti iongezeke nguvu na unene. Hiyo ya kugeuza nyaya ndiyo yenye ujanja. Koili mbili zinazosikiliza uzi mmoja hutoa mawimbi yanayokaribiana. Ukigeuza nyaya za moja, mawimbi yanapingana: uzito wa sauti unafutika kwa sehemu kubwa, na kinachobaki ni sauti kali, nyembamba, ya kupitia puani. Ukihesabu michanganyiko inayotofautiana kweli, ipo 13: mitatu ya pikapu moja moja, sita ya mbili mbili, na minne ya zote tatu. Gharama yake ni swichi chache za bei rahisi na usiku wa kuchomea risasi.

Majirani wa Feltham

Kuna jambo la pembeni ambalo msomaji wa pwani hataniachia nilipite. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ya Bulsara iliondoka Unguja ikahamia Uingereza, na mji waliotua ni Feltham hiyohiyo. Kijana wao Farrokh, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alikuwa akiishi mwendo mfupi kutoka chumba ambamo gitaa lilikuwa likichongwa. Hawakujuana. Waliunganishwa miaka kadhaa baadaye na Tim Staffell, mwimbaji wa bendi ya Brian iliyoitwa Smile, ambaye alisoma chuo cha sanaa cha Ealing pamoja na Farrokh. Mwaka 1970 Queen ikaanza, na Farrokh akawa Freddie Mercury, mwimbaji wake. Mwaka uliofuata akaingia mpiga besi John Deacon, msomi wa elektroniki, ambaye baadaye aliokota saketi kwenye pipa la taka barabarani akaitengenezea amplifaya ndogo ya betri. Brian aliitumia studioni kwa miaka mingi kupanga magitaa yake kama kundi la tarumbeta. Bendi ile ilikuwa na bahati ya kuwa na watu wawili ambao pipa la taka waliliona kama duka la vipuri.

Je, kazi ilifaulu?

Kipimo cha gitaa la nyumbani ni kama mwenyewe bado analichukua anapokuwa na uwezo wa kununua lolote. Brian alilichukua kwenye albamu za Queen, Wembley kwenye tamasha la hisani la Live Aid Julai 1985, na Juni 2002 juu ya paa la Buckingham Palace. Mwaka 1998 fundi wa Australia, Greg Fryer, alilikarabati, hasa vanishi na kingo zilizoliwa na miaka, akiacha muundo ulivyo.

Kwa baba, mambo hayakuwa laini hivyo. Harold aliyesaidia kulijenga hakufurahi mwanawe alipoiacha shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga kwa ajili ya muziki. Ilichukua onyesho la Madison Square Garden, New York, alikopelekwa kulitazama, ndipo akaelewa kazi ya chumba cha ziada ilikuwa imefika wapi. Shahada yenyewe Brian aliimaliza 2007, Imperial College, juu ya vumbi lililo kati ya sayari.

Ushahidi mzuri zaidi wa mahali ugumu ulipokuwa umetolewa na viwanda vyenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Guild ya Marekani ilitoa nakala ya Red Special. Umbo walilipata, rangi waliipata, safu ya swichi waliipata. Tremolo wakaweka ya Kahler, iliyokuwa tayari sokoni, na pikapu za DiMarzio. Nakala za bei nafuu zinazouzwa leo kwa jina la Brian May mwenyewe zina pikapu za mtindo wa Burns, lakini tremolo ni ya Wilkinson. Ubao wa meko unaweza kubadilishwa na mahogani yoyote, na swichi hupatikana kila mahali. Makali yale ya V na rola za kuchonga kwa mkono ndivyo ambavyo kiwanda kilipiga hesabu kikaona havilipi.